Nilinunua gari la polisi nikauziwa na hofu ya watu

Siku ya soko hapa Engineer, katika Kaunti ya Nyandarua, huwa na kelele nyingi. Ukisikia kelele hizo zimekatika ghafula upande mmoja wa soko, basi ama mvua ya mawe inakaribia, ama mimi nimewasili na gari langu.

Sifanyi mzaha, msomaji. Juzi nilikwenda kununua sukari na mafuta ya taa. Nyuma ya duka vijana kama sita hivi walikuwa wakicheza karata za pesa. Nilipozima injini na kushuka, nilikuta karata zimetapakaa matopeni, pamoja na kofia moja na kandambili ya mguu wa kushoto. Wenyewe walikuwa wamekwisha kuruka ua.

Mwenye duka aliendelea kupima sukari yangu huku akitikisa kichwa. "Mwalimu, wewe utanifilisi," aliniambia. "Wale walikuwa hawajanilipa chai."

Vijana hao wananijua. Wawili kati yao niliwafundisha hisabati. Tena gari lenyewe wanalijua, kwa kuwa ninalo tangu mwaka 2017 na nimekwisha kulipaka rangi nyingine kabisa. Lakini miguu haingoji akili. Waliusikia mlio wa Land Rover ikipanda kilima kwa gia ya chini, na katika nchi hii mlio huo una maana yake.

Mimi sijapata kuwa askari hata siku moja. Ni mwalimu niliyestaafu, nina ng'ombe wanne, na shamba la viazi na karoti. Gari langu ndilo lililokuwa askari. Wengi huniuliza jinsi nilivyolipata, na kama ni vema mtu wa kawaida kununua gari lililotumiwa na polisi na kulifanya gari lake la kila siku la kupelekea maziwa. Nimeona niwajibu wote mara moja.

MNADANI

Anayeijua Kinangop hataniuliza kwa nini nilitaka Land Rover. Kutoka kwangu hadi lami ni mwendo mrefu wa udongo ambao ukilowa hushika gurudumu kama gundi. Nilikuwa na gari dogo la Kijapani. Kila masika lilikaa nyumbani, na siku nilipojaribu kulitoa, trekta la jirani lililivuta, nami nikalipa. Maziwa hayangoji jua lianike barabara. Yakichelewa kufika penye mtambo wa kuyapoza hukataliwa, na ukirudi nayo nyumbani ni ya nguruwe.

Basi siku moja nikaona katika gazeti tangazo la mnada wa mali ya Serikali iliyochakaa. Watu wengi hudhani mambo haya hufanywa kwa kujuana tu. Sheria ya mwaka 2015 kuhusu ununuzi na uondoaji wa mali ya umma inataja njia zenyewe: mali hiyo hupewa idara nyingine, au huuzwa kwa zabuni, au kwa mnada wa hadhara, au hubadilishwa kwa kitu kipya, au hutupwa kama taka. Mfanyakazi wa idara inayouza haruhusiwi kujinunulia hivi hivi. Mwananchi hutoa amana, ambayo hurudishiwa asiposhinda, kisha hupewa siku ya kwenda kukagua.

Siku ya kukagua nilikwenda na fundi mmoja kutoka Naivasha, mtu mzima mwenye vidole vinene, asiyesema sana. Magari yalikuwa yamepangwa uwanjani, mengine nyasi zimeota hadi madirishani. Moja lilikuwa na kuku aliyeatamia mayai penye kiti cha dereva. Huruhusiwi kuwasha injini wala kulijaribu gari barabarani. Masharti ya mnada ni kwamba unanunua kitu kama kilivyo na pale kilipo, na ukifika nyumbani ukakuta hakina gia, hayo ni yako.

Fundi hakutazama rangi wala viti. Alilala chini ya Land Rover moja ya buluu, aina ya Defender 110, akaanza kuigonga chesisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma, huku akisikiliza kama daktari. Mwenye kununua gari la namna hii ni lazima ajue jambo hili. Land Rover ilipoonyeshwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, vita vilikuwa vimekwisha juzi tu na chuma kilikuwa haba Uingereza, kwa hiyo waundaji wake waliifanyiza bodi kwa aluminiamu. Desturi hiyo ilidumu. Aluminiamu haishiki kutu, na ndiyo sababu gari la miaka mingi huonekana zima kwa mbali. Lakini chesisi inayobeba kila kitu ni ya chuma, nayo huoza kimya kimya chini ya matope. Tena pale aluminiamu inapogusana na chuma kwenye unyevu, hata hiyo aluminiamu huliwa ikawa unga mweupe.

Fundi alitoka chini akajipangusa. "Hii ina mifupa," alisema. Hakuongeza neno.

Siku ya mnada nilishindana na mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Tulipandishiana bei mara kadhaa, halafu akageuka akanitazama, akaniona nimeshika kofia kwa mikono miwili. "Mzee, wewe unataka kuliendesha kweli?" aliniuliza. Nilipoitikia, alicheka akaniachia. Bei sitaitaja, kwa maana mke wangu husoma gazeti hili.

Mwenye kutamani afanye upesi, kwa sababu magari haya yanazidi kupungua. Zamani Land Rover nyingi zililetwa zikiwa vipande vipande na kuunganishwa hapa hapa nchini, katika kiwanda cha Thika. Tangu mwaka 2013 Serikali ilianza kukodisha magari ya polisi kutoka makampuni badala ya kuyanunua yote, na gari la kukodi likimaliza muda wake humrudia mwenyewe. Defender ya namna ya zamani nayo ilikoma kuundwa tarehe 29 Januari 2016 huko Solihull, Uingereza. Kwa hiyo yaliyomo mnadani ni mabaki ya wazee.

KUCHOKA KWA KUSIMAMA

Injini yangu ni ya dizeli, silinda 4, lita 2.5, ile ambayo mafundi huiita 300Tdi na ambayo ilianza kutiwa katika Defender mwaka 1994. Ni injini isiyo na makuu. Haina kompyuta ya kuwaka taa za ajabu ajabu, na fundi wa jua kali aliye na spana nzuri anaweza kuifungua chini ya mti. Kitu cha kuogopa ni mkanda wa meno ulio mbele ya injini. Huo ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na unaweza kuanza kuuza ng'ombe. Gari la mnada halina barua inayokuambia mkanda huo ulitiwa lini. Nilitia mwingine kabla sijaliendesha hata hadi petroli stesheni.

Mengine yaliyobadilishwa mwaka ule wa kwanza: klachi, betri, radieta, bushi zote za mbele, na nyaya ambazo sikujua hata kazi yake. Waliong'oa redio na king'ora walikata nyaya kwa kisu wakaziacha zikining'inia. Paani kulikuwa na tundu 4 za erio na taa, na maji yalipitia humo yakanidondokea gotini. Gia ya pili ilikuwa inagoma. Hadi leo hugoma asubuhi za baridi, na hapa kwetu kila asubuhi ni ya baridi.

Nilimwuliza fundi kwa nini gari lisilokuwa na kilomita nyingi sana limechoka hivyo. "Limeendeshwa na watu wengi," alinijibu, "na hakuna aliyelipenda."

Baadaye nilipata maelezo zaidi kutoka mbali. Binamu yangu anaishi Texas, Marekani, naye amenunua gari la polisi la huko, Ford kubwa ya kupanda juu, maana huko nako polisi wameacha yale magari marefu ya chini waliyoyatumia kwa miaka mingi. Ford iliacha kuunda lile la mwisho, Crown Victoria, mwaka 2011. Binamu aliniambia kwamba wanunuzi wa huko hawaangalii kilomita peke yake. Huangalia pia saa ambazo injini imenguruma gari likiwa limesimama. Askari huacha injini ikiwaka ili redio na taa zisiimalize betri, na kampuni ya Ford husema kwamba saa 1 ya kunguruma hivyo huichosha injini sawa na mwendo wa maili 33, yaani kilomita 53 hivi. Gari langu halina kipimo cha saa. Lakini nilipoyasikia hayo niliyakumbuka magari yote ya polisi niliyopata kuyaona yamesimama kando ya barabara, yakinguruma tangu asubuhi hadi jioni, nikaelewa.

Binamu naye ana kisa chake. Siku ya kwanza aliwapeleka watoto dukani, akashuka akaenda zake akidhani wanamfuata. Milango ya nyuma ya gari la polisi haifunguki kwa ndani. Aliwakuta wamebandika nyuso kiooni.

Kuhusu gharama, jambo ni moja. Gari hunywa. Kwenye lami hunipa kilomita 9 au 10 kwa lita, na matopeni sithubutu kupima. Kila tarehe 14 ya mwezi, bei mpya za mafuta zinapotangazwa, mimi husikiliza redio kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Isitoshe, kampuni nyingi za bima hazitaki kulipa gari kuukuu bima kamili, kwa hiyo ninalo la mtu wa tatu tu. Lakini tangu nilinunue, maziwa yangu hayajakataliwa hata siku moja kwa kuchelewa.

SIKUIBA

Nyuma ya gari kulikuwa na mabenchi mawili ya kutazamana, wavu wa waya madirishani, na sakafuni pete nene ya chuma iliyochomelewa. Binti yangu mdogo aliuliza pete hiyo ilikuwa ya nini. Nilimwambia ni ya kufungia mizigo. Siku hizi hufungiwa ndama, na ninaona nilimwambia kweli kidogo.

Wiki ya pili nililiosha gari kwa ndani kwa sabuni na brashi. Chini ya uchafu, kwenye ukuta wa aluminiamu juu ya mabenchi, nilikuta maandishi. Watu walikuwa wamekwaruza kwa msumari, au kwa kifungo cha suruali, au kwa pingu zenyewe. Kulikuwa na tarehe moja ya mwaka 2003. Kulikuwa na msalaba, na mistari midogo ya kuhesabu, sijui siku au watu. Jina moja la mwanamke lilikuwa limeandikwa mara 3, mara ya tatu halikumalizika. Na mtu mmoja, mwenye mwandiko mzuri kuliko wa wanafunzi wangu wengi, alikuwa ameandika neno moja tu: Sikuiba.

Nilikaa pale kwenye benchi na brashi yangu, maji yakapoa ndooni.

Wakenya hulijua gari hili kwa jina la Mariamu. Ni jina zuri la kike, na hakuna aliyefurahi kumwona. Katika siku za Hali ya Hatari, kuanzia mwaka 1952 hadi 1960, Land Rover zilipita vijijini zikizoa watu. Baada ya Uhuru ziliendelea kuja, sasa kwa ajili ya kodi, kwa ajili ya kipande, na kwa ajili ya chang'aa, ambayo ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980 na haikuruhusiwa tena hadi 2010. Ni kina mama wangapi waliomwaga mtaji wao wote mtaroni kwa kuusikia mlio tu? Sisemi kwamba polisi hawakufanya kazi ya haki. Gari hilo hilo liliwafuata wezi wa ng'ombe, likawapeleka hospitali waliopigwa mapanga. Lakini mtu hukumbuka zaidi siku ambayo lilisimama mlangoni pake.

Jirani yangu wa upande wa juu ni ajuza aliyekuja Kinangop wakati mashamba ya masetla yalipogawiwa wananchi. Sisi sote humwita Cucu. Katika mwezi wangu wa kwanza na gari nilimkuta akipanda kilima na mzigo wa viazi mgongoni, mvua ikinyesha. Nilisimama, nikashuka, nikamwamkia kwa heshima, nikamwomba apande.

Aliliangalia gari tangu taa hadi mkia.

"Mwanangu," alisema, "mimi nilipanda gari la namna hiyo mara moja nilipokuwa msichana, na sikuulizwa ninakwenda wapi." Akaendelea na safari yake.

MIWANI MYEUSI

Sasa nitaungama jambo ambalo halinipi sifa.

Hofu ya watu ni tamu. Mwezi haukuisha kabla sijaionja. Kwenye barabara ya Njabini matatu zilizokuwa zikinipita kwa kupiga honi sasa zilinipisha. Utingo aliyekuwa akining'inia mlangoni aliingia ndani akaketi kama mtoto wa kwaya. Kwenye vizuizi vya barabarani askari walinipungia mkono nipite, wengine wakapiga saluti, nami niliitikia kwa kuinamisha kichwa kidogo, kama mtu mwenye mambo mengi. Nilizibua ile bampa nzito ya mbele na kuing'arisha. Nilinunua miwani myeusi.

Sikuvunja sheria yoyote. Nambari za GK zilikuwa zimekwisha kutolewa, na baada ya miezi mingi ya kungoja nilikuwa na logibuku na nambari za raia kama mtu mwingine yeyote. Maandishi ya ubavuni yalifutwa. King'ora sikuwa nacho. Sheria ya polisi ya mwaka 2011 inafanya kujifanya askari kuwa kosa, na mimi sikumwambia mtu kwamba ni askari. Niliacha rangi ya buluu iwaambie.

Mke wangu ndiye aliyeona kwanza. "Siku hizi unatembea kama OCS," aliniambia jioni moja. Nilicheka. Hakucheka.

Mwezi wa Februari 2018 Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu, na askari wakaanza kuwasaka wenye makaa. Asubuhi moja ya Machi nilikuwa nikiteremka kuelekea daraja. Mbele yangu kijana mmoja alikuwa akiisukuma baiskeli yenye magunia matatu. Aliposikia mlio aligeuka, akaona buluu, akaiachia baiskeli akakimbilia mashamba ya kabichi. Baiskeli iliteremka peke yake kama iliyopagawa, ikaruka ukingo ikaangukia mawe ya mto.

Nilisimama nikamwita. Nikipiga kelele zaidi, naye anakimbia zaidi. Nilingoja saa nzima. Hatimaye niliyaopoa magunia mawili, moja lilikuwa limepasuka na makaa yamekwenda na maji, nikayatia garini pamoja na baiskeli, nikaenda madukani kumtafuta mwenyewe.

Msomaji, fikiria jambo hilo. Mtu ndani ya Land Rover ya polisi, na miwani myeusi, anauliza duka baada ya duka, "Mnamjua kijana anayeuza makaa?" Hakuna aliyemjua. Hakuna aliyepata kuona makaa maishani mwake. Mama mmoja aliyekuwa na vumbi jeusi hadi viwikoni aliniambia hapa watu hupikia gesi.

Ilinichukua wiki mbili, na ni yule mwenye duka wangu wa sukari aliyenisaidia. Kijana alikuwa amejificha kwa dada yake Naivasha. Tulipokutana hakuniuliza habari ya baiskeli. Aliuliza ni nani aliyenituma. Mke wake alikuwa amebaki na watoto wawili wiki hizo zote bila senti, akila kwa majirani, kwa sababu mimi nilipita na gari. Nililipa gurudumu la mbele, fremu, na gunia lililopotea. Alizipokea pesa, akazihesabu mara mbili, akaniomba nisije kwake tena.

Miwani ile niliitupa chooni.

Nikamwita fundi wa rangi. Ilitokea mashauri marefu nyumbani juu ya rangi. Binti alitaka njano, lakini hiyo tangu 2017 ni ya mabasi ya shule. Kijani ni ya askari wengine. Tuliafikiana juu ya rangi ya maziwa, nikapeleka habari NTSA ili logibuku ibadilishwe, maana rangi ikibadilika ni lazima iandikwe. Fundi alipomaliza nje alikuja na ndoo yake akaniuliza kama ajaze ile mikwaruzo ya ndani apake juu yake. Nilimwambia aache ndani kama kulivyo. Aliniona mbahili.

MWEZI WA MEI

Nilidhani rangi imemaliza mambo. Kumbe mlio haupakwi rangi.

Tarehe 27 Machi 2020, kwa sababu ya korona, kafyu ilianza nchini kote, saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Hali ilivyokuwa siku zile kila mtu anakumbuka. Watu waliokutwa nje walionja rungu, na giza lilipoingia hakuna aliyetaka kusikia gari.

Usiku mmoja wa Mei, saa 4 hivi, mvua ikimwagika, mama mmoja alinipigia simu kutoka bonde la pili. Mke wa mwanawe alikuwa na uchungu wa kuzaa na mkunga wa jirani ameshindwa. "Mwalimu, hakuna gari jingine litakalofika," alisema. Aliniambia mwanawe atakuja kunisimamisha penye njia panda ili anionyeshe nyumba. Halafu simu yake ikazimika chaji.

Nilifika penye njia panda. Hapakuwa na mtu. Niliendelea taratibu, nikaona taa za nyumba zikizimwa moja baada ya moja mbele yangu. Nilibisha mlango wa kwanza, kimya. Wa pili, nilisikia mtoto akizibwa mdomo. Nilisimama mvuani nikaita, "Ni mimi mwalimu! Nani anazaa?" Hakuna aliyejibu. Nani angejibu? Hata polisi hujiita majina mengi usiku.

Ilipita nusu saa nzima kabla mama mkwe hajatoka na kurunzi kutazama kwa nini gari halifiki. Na baba wa mtoto? Alikuwa penye njia panda, kama alivyoagizwa. Alipousikia mlio alijitupa mtaroni nyuma ya ua wa miti, akakaa humo majini hata niliponguruma na kupita. Alijua kwamba mwalimu anakuja na Land Rover. Aliniambia baadaye kwamba alijua kabisa, lakini mwili ulikuwa umekwisha kuruka.

Tulimlaza mwanamke sakafuni juu ya godoro, mama mkwe amekaa benchi moja, mume benchi la pili amelowa chapachapa, amejishika kwenye wavu. Karibu na Engineer tulisimamishwa kizuizini. Askari alimulika uso wangu, akamulika nyuma, akaona mambo yalivyo, akaiondoa miiba barabarani kwa haraka. Kisha, nilipokuwa nikihangaika na gia, aligonga boneti kwa kiganja.

"Hii ilikuwa yetu," alisema. Hakuuliza. "Ya pili bado inakataa?"

"Inakataa, afande."

"Ipitishe kwanza kwenye ya tatu, halafu uirudishe."

Nilifanya hivyo ikaingia. Ninafanya hivyo hadi leo.

Mtoto alizaliwa muda mfupi baada ya sisi kufika hospitalini, msichana, naye kwa muda hakulia. Wakamhangaikia, akalia. Muuguzi alipotoka alikuwa amekasirika. Alituuliza sisi wanaume wawili kwa nini tulimchelewesha mama hadi saa hizo, kama hatujui kuwa dakika 20 zaidi tungekuwa tunazungumza mengine. Mume alitazama viatu vyake. Mimi nilitazama vyangu.

Watu huniuliza kwa nini silitoi nikanunua pikapu ya Kijapani isiyo na kisirani. Nimewahi kulifikiria jambo hilo. Lakini masika yakija ni gari langu linalowapeleka wagonjwa wa mabonde mawili, na sasa wanalipigia simu mchana na usiku. Tulipatana ishara: nikija usiku hupiga honi mara tatu fupi tangu mbali, na ninaweka taa ya ndani ikiwaka ili uso wangu uonekane. Wengi hufungua mlango. Si wote.

Na Cucu? Ana miaka themanini na zaidi sasa. Kila Jumamosi huniletea viazi vyake mlangoni, hunitazama nikivipakia nyuma, na huhesabu magunia. Halafu hushika fimbo yake akashuka kwa miguu hadi lami kungoja matatu. Mimi hutangulia sokoni, humshushia mzigo wake penye nafasi yake, nikamlindia mpaka afike.